Nani Anaita? Somo la Usalama Kutoka Enzi za Barua Pepe ya Modemu

Simu yako ikiisha chaji usiku, ukiiwasha asubuhi meseji huingia mfululizo: pesa uliyotumiwa, salio jipya, ujumbe wa chama, salamu za shangazi. Wewe ulikuwa umelala na simu ilikuwa imezima, lakini meseji hazikupotea. Kuna mahali zilikuwa zimekaa zikikungoja, na mtandao ulipoona laini yako imerudi, ukakuletea.

Tumeshazoea, kwa hivyo hatushangai. Lakini hapo kuna maswali mawili magumu. La kwanza: utamwekeaje mtu mzigo wake kama hujui atarudi saa ngapi? La pili: akitokea mtu akasema, "Mimi ndiye mwenye mzigo, nipe," utajuaje ni yeye kweli?

Maswali haya yaliwasumbua mafundi wa barua pepe miaka mingi kabla ya pesa kwa simu kuanza hapa Kenya mnamo Machi 2007. Walianza na jibu rahisi lililokuwa na ufa mkubwa, wakaziba ufa huo hatua kwa hatua. Tunakueleza walivyofanya kwa sababu walaghai wanaopigia wateja wetu simu leo hupitia ufa uleule. Ukielewa ulivyozibwa kwenye barua pepe, utajua namna ya kuuziba kwenye simu yako.

Ofisi yenye laini moja

Turudi miaka ya 1990. Intaneti ilifika ofisini kupitia waya wa simu ya mezani. Kompyuta iliunganishwa na kifaa kinachoitwa modemu. Modemu ilipiga namba ya kampuni ya intaneti, mashine mbili zikapigiana milio kwa sekunde kadhaa, kisha ukawa hewani. Ukikata simu, umetoka kwenye intaneti. Na muda wote ukiwa hewani bili ya simu inapanda, tena hakuna mwingine ofisini anayeweza kupiga wala kupigiwa kwa laini hiyo.

Sasa fikiria shirika lenye wafanyakazi 20 na laini moja ya simu. Kama kila mmoja angekuwa na sanduku lake la barua kwenye kampuni ya intaneti, basi kila mmoja angengoja zamu yake ya kuunganishwa ili achukue zake. Ndiyo maana mashirika mengi yaliweka seva yao ya barua palepale ofisini. Mara nyingi ilikuwa kompyuta ya kawaida tu, imewekwa kwenye kona ya chumba. Wafanyakazi walitumiana barua ndani ya jengo bila kupiga simu hata moja. Barua za kwenda nje zilikusanywa pamoja. Mara mbili au tatu kwa siku seva ilipiga simu, ikatuma zilizokuwepo, ikachukua zilizokuja, ikakata. Simu moja kwa niaba ya watu 20.

Kila dakika ilikuwa na bei. Modemu nzuri ya katikati ya miaka hiyo ilipitisha biti 28,800 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, faili la megabaiti 1 tu, yaani dogo kuliko picha nyingi unazotuma leo kwa simu, lilichukua karibu dakika 5, na hapo ni kama laini haina mikwaruzo. Hakuna aliyekubali kukaa hewani akingoja barua ambayo labda haipo.

Kenya tulipitia njia hii pia

Hapa kwetu barua pepe ilikuja kabla ya intaneti kamili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, shirika la mazingira la ELCI lenye makao Nairobi lilikuwa na kituo cha FidoNet. FidoNet ni mtandao ulioanzishwa Marekani mwaka 1984 na Tom Jennings. Haukuwa na waya wa kudumu wala mitambo mikubwa. Zilikuwa kompyuta za kawaida zinazopigiana simu, zinabadilishana vifurushi vya barua, kisha zinakata. Mashirika ya Nairobi yalifika kwenye kituo kwa simu ya ndani, nacho kituo kilibadilishana vifurushi na GreenNet ya London, iliyokuwa lango la kuingilia barua pepe za ulimwengu mzima.

Simu ya kimataifa ilikuwa ghali, kwa hivyo barua nyingi zilibanwa zikawa kifurushi kimoja kidogo na kupitishwa kwa mkupuo. Barua uliyoandika asubuhi haikuondoka saa hiyo. Ilingoja simu inayofuata, kama vile mzigo unavyongoja basi lijae.

Mwaka 1995, African Regional Centre for Computing ilianza kutoa huduma kamili ya intaneti Nairobi. Kampuni za kibiashara zikafuata, na mwaka 1998 Shirika la Posta na Simu likazindua Jambonet, njia kuu ya kuunganisha nchi na intaneti ya nje. Hata hivyo, ofisi nyingi ziliendelea kufika huko kwa modemu na waya wa simu. Tatizo la kumhifadhia mteja barua zake likabaki palepale.

Foleni, na watu wanaopishana mlangoni

Sheria za kupitisha barua pepe kutoka seva moja hadi nyingine ziliandikwa na Jonathan Postel na kutolewa Agosti 1982. Huitwa SMTP, na msingi wake ni uleule wa posta: seva inayotuma ikikuta mlango wa mpokeaji umefungwa, haitupi barua. Inaiweka kwenye foleni, inajaribu tena baadaye. Mwongozo wa kawaida ni kungoja angalau nusu saa kati ya jaribio moja na lingine, na kutokata tamaa kabla ya siku 4 au 5. Siku hizo zikiisha, barua inarudishwa kwa aliyeituma na maelezo kwamba imeshindwa kufika.

Kisha mwaka 1986 ukawekwa utaratibu mwingine. Kila jina la mtandaoni, lile linalokuja baada ya alama ya @, liliweza kuorodhesha seva zaidi ya moja za kupokelea barua, kwa mpangilio wa kwanza, pili, tatu. Kwa hivyo ofisi ya modemu iliweza kuandika: "Nijaribuni mimi kwanza. Msiponipata, acheni kwa kampuni yangu ya intaneti." Ni kama kuachia maagizo kwa jirani ambaye yuko nyumbani siku zote.

Mpaka hapo mambo yanaonekana sawa. Lakini hebu angalia saa. Seva ya kampuni ya intaneti inajaribu kuifikia ofisi saa mbili kamili asubuhi. Imezima. Ofisi inaingia hewani saa mbili na dakika 10, inatuma barua zake, inatoka saa mbili na dakika 20. Kampuni inajaribu tena saa mbili na nusu. Imezima tena. Wawili hawa wanaweza kupishana hivyo siku nzima, kesho na keshokutwa, mpaka siku 5 ziishe na barua irudishwe kwa mwenyewe kana kwamba ofisi hiyo haipo duniani.

Kumbe kujaribu mara kwa mara hakutoshi. Mteja alihitaji njia ya kusema, akishaingia tu hewani, "Niko hapa sasa, nipe zangu."

Jibu la kwanza: kuamini jina

Sheria zile za 1982 tayari zilikuwa na agizo la kusaidia hapo, linaloitwa TURN. Kazi yake ilikuwa kugeuza zamu. Ofisi inaipigia seva ya kampuni ya intaneti, inajitambulisha kwa jina, inatuma barua zake. Ikimaliza inasema TURN, na palepale kwenye simu ileile zamu zinabadilika: aliyekuwa anapokea anakuwa anatuma, na barua zilizongoja zinamiminika.

Ni njia ya haraka na isiyo na gharama ya ziada. Shida ilikuwa kwenye maneno matatu tu: "inajitambulisha kwa jina." Hakuna aliyethibitisha jina hilo. Seva yoyote iliweza kuingia, ikajiita jina la shirika fulani, ikasema TURN, na ikapewa barua za shirika hilo zote. Mbaya zaidi, zikishatolewa hazikuwa tena kwenye foleni. Mwenyewe akija dakika 5 baadaye anakuta foleni tupu, na wala hajui kwamba kulikuwa na kitu.

Kwa hiyo wasimamizi wa seva kwa kawaida walilikataa agizo hilo, na lilipokuja kuandikwa upya toleo la sheria za SMTP mwaka 2001, TURN iliachwa nje ya matumizi ya kawaida kwa sababu za usalama.

Tafadhali shika ufa huu vizuri, kwani ndio tunaoutafuta. Kusema jina si kuthibitisha jina. Anayekupigia ndiye aliyechagua kujiita jina hilo.

Jibu la pili: kata, nitakupigia

Agosti 1996, Jack De Winter alitoa agizo jipya lililoitwa ETRN. Kwa macho ya haraka linafanana na lile la kwanza: ofisi inaingia, inasema, "Mimi ni shirika fulani, anza kunitumia foleni yangu." Tofauti iko kwenye kinachofuata. Seva haitoi barua kwenye mawasiliano hayohayo. Inajibu tu kwamba imesikia. Kisha yenyewe inatafuta anwani ya shirika hilo kwenye orodha ya majina ya intaneti, na inafungua mawasiliano mapya kwenda kwa anwani hiyo.

Ona jinsi mwizi anavyokwama. Anaweza kuingia na kujiita jina lolote apendalo. Seva itamsikiliza, halafu itapeleka barua kwa anwani ya mwenyewe, si kwake. Kwa kusema uongo amefanya kazi moja tu: amemharakishia mwenye barua barua zake.

Siri ya ETRN si nywila wala hesabu ngumu. Ni kukataa kumaliza shughuli kwenye simu iliyoanzishwa na mtu usiyemjua. Unakata, unatafuta anwani kwenye orodha unayoiamini, unapiga wewe mwenyewe.

Anwani ya jana ni ya mtu mwingine leo

ETRN ilifanya kazi vizuri kwa mteja mwenye anwani ya kudumu. Nchini Uingereza kulikuwa na kampuni iliyojulikana sana kwa hilo, Demon Internet, iliyoanza huduma mwaka 1992 kwa pauni 10 kwa mwezi. Kila mteja wake wa modemu alipewa anwani yake ya intaneti isiyobadilika pamoja na jina lake, na barua zilipelekwa moja kwa moja kwenye kompyuta yake akishaingia hewani.

Lakini anwani za intaneti za mtindo wa wakati ule zina mwisho: kwa hesabu haziwezi kuzidi bilioni 4.3 kwa dunia nzima. Kampuni nyingi zikaona ni hasara kumpa mteja wa modemu anwani ya kudumu wakati yuko hewani dakika chache tu kwa siku. Zikaanza kuazimisha. Ukiingia unapewa anwani iliyo wazi kwa sasa. Ukitoka, anapewa anayefuata.

Hapo ETRN ikakwama. Inapiga kwa anwani iliyo kwenye orodha, lakini anwani iliyokuwa ya ofisi yako jana, leo inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa. Mara nyingi kompyuta ya mtu huyo haipokei barua, kwa hivyo itazikataa tu. Lakini ikiwa naye ana seva iliyofunguliwa ovyo, barua za ofisi yako zimeingia kwa jirani.

Wengine walijaribu njia ya mkato: barua zote za shirika zirundikwe kwenye sanduku moja la kawaida, seva ya ofisi izichukue kwa nywila moja na kuzigawa kwa wafanyakazi. Ilisaidia ofisi ndogo, ila ilikuwa na kasoro. Barua pepe ina bahasha na ina karatasi ya ndani. Seva hupeleka barua kwa kusoma bahasha. Ikishaingia sandukuni, mara nyingi bahasha inatupwa na kubaki karatasi. Sasa seva ya ofisi inabaki kukisia mwenyewe ni nani kwa kusoma majina yaliyoandikwa ndani, na majina ya ndani huandikwa na mtumaji vyovyote apendavyo. Aliyetumiwa nakala ya siri, jina lake halimo kabisa. Basi barua zilipotea, nyingine zikaenda kwa wasiohusika.

Jibu la tatu: thibitisha kwanza, kisha pokea

Agosti 1999, Randall Gellens alitoa utaratibu ulioandikwa mahususi kwa wateja wenye anwani za kuazima. Agizo lake ni ATRN. Ofisi inaipigia seva ya kampuni, na kabla ya jambo lingine lolote inathibitisha kwamba ndiyo yenyewe, kwa siri ambayo pande hizo mbili tu zinaijua. Bila uthibitisho, seva haiendelei. Ukithibitishwa, zamu zinageuzwa palepale kama ilivyokuwa kwenye TURN, na barua zinashuka kwenye simu ileile. Haijalishi leo umeazimwa anwani gani. Na bahasha inabaki nzima, kwa hivyo kila barua inamfikia mwenyewe.

Kwa hivyo baada ya miaka 17, kutoka 1982 hadi 1999, mafundi walirudi karibu walipoanzia, ila wakiwa wameongeza hatua moja. TURN ilisema, "Taja jina, chukua." ETRN ikasema, "Taja jina, mimi nitampelekea mwenyewe." ATRN ikasema, "Thibitisha, kisha chukua."

Barua ni ya nani kabla ya risiti?

Kuna jambo moja zaidi ambalo mafundi hawa walilipanga vizuri. Simu za modemu zilikatika ovyo, hata katikati ya barua. Je, ikikatika, barua iko kwa nani?

Kanuni ni hii: mpokeaji akishaipata barua yote na kuihifadhi, hujibu kwa namba 250, maana yake, "Nimeipokea, sasa ni jukumu langu." Mpaka jibu hilo lifike, mtumaji haruhusiwi kuifuta barua kwenye foleni yake. Kwa njia hii barua haipotei katikati.

Lakini kuna mwanya mdogo. Tuseme mpokeaji ameipata barua, amejibu 250, na laini ikakatika jibu likiwa njiani. Mpokeaji anayo. Mtumaji hajui. Atafanya nini? Ataituma tena, na mpokeaji atakuwa na nakala mbili. Jambo hili lilijulikana na kuandikiwa maelezo mapema, mwaka 1988. Kwenye barua pepe waliona ni heri barua ije mara mbili kuliko isije kabisa. Unafuta moja, maisha yanaendelea.

Pesa ni tofauti. Pesa ikienda mara mbili, hufuti nakala ya pili. Ndiyo maana kila muamala una namba yake, na ndiyo maana tunakuomba usitume tena kabla hujahakikisha.

Sasa tuje kwenye simu yako

Meseji ya simu nayo hukaa kwenye foleni. Simu ikiwa imezima au haina mtandao, kituo cha ujumbe huitunza. Simu ikirudi hewani, mtandao wenyewe hukiambia kituo kwamba umerudi, na meseji zinatumwa. Huhitaji kusema "niko hapa." Na mtandao haukuamini kwa jina tu: ndani ya kadi ya laini mna siri, na kila inapokuhakiki mtandao huiuliza kadi hiyo swali ambalo ni mwenye siri tu anaweza kulijibu. Ni wazo lilelile la ATRN. Mashine zimeshajifunza. Tunaobaki na ufa ni sisi watu, kwenye mazungumzo yetu. Basi shika haya matano.

1. Meseji si pesa. Meseji ni taarifa kwamba pesa imehama. Pesa yenyewe iko kwenye daftari la akaunti, na daftari halingoji meseji. Meseji inaweza kuchelewa, na kwa kuwa hutunzwa kwa muda maalum tu, inaweza hata isifike kabisa. Ukituma pesa na usione ujumbe, angalia salio au taarifa ya miamala kwenye menyu kabla ya kutuma tena. Kwa mfumo, ukituma mara ya pili hilo ni agizo jipya, na litatekelezwa.

2. Usitoe mzigo kwa kuonyeshwa meseji. Kama una duka, kibanda cha mboga au pikipiki ya boda, unakijua kisa hiki: mteja anakuonyesha kwenye simu yake kwamba ameshalipa, au wewe mwenyewe unapata ujumbe unaofanana kabisa na wetu, lakini umetoka kwa namba ya mtu. Kumbuka karatasi ya ndani ya barua: mtumaji huandika anachotaka. Tazama salio lako kwenye menyu. Likiwa limepanda, mpe mzigo wake. Kama halijapanda, mwambie kwa upole angoje kidogo. Mteja wa kweli ataelewa.

3. Akikupigia akajiita mhudumu wetu, kata. Hii ndiyo ETRN ya binadamu. Anaweza kulijua jina lako kamili, anaweza hata kutaja muamala wako wa jana. Bado hajathibitisha lolote. Huna haja ya kubishana naye wala kumuuliza maswali ya mtego. Mwambie, "Sawa, nitawapigia," kisha kata. Piga wewe mwenyewe namba rasmi ya huduma kwa wateja unayoijua, si namba atakayokutajia yeye. Kama kulikuwa na jambo kweli, tutaliona kwenye akaunti yako. Kama alikuwa tapeli, ameondoka mikono mitupu. Na PIN yako hatutakuuliza kamwe, iwe kwa simu au kwa meseji.

Fanya hivyohivyo akipiga mtu anayelia kwamba amekutumia pesa kimakosa na anataka umrudishie haraka haraka. Angalia salio kwanza. Kama kweli ilikuja, mwambie aombe kurudishiwa kupitia kampuni. Njia hiyo inapitia kwenye daftari, ambapo inaonekana pesa ilitoka kwa nani.

4. Namba ya zamani inaweza kuwa na mwenyewe mpya. Kama zile anwani za kuazima, laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni ya simu inaweza kuirudisha sokoni na akauziwa mtu mwingine. Kabla ya kutuma pesa kwa namba uliyoihifadhi miaka mitatu iliyopita, mpigie mwenyewe usikie sauti yake. Usome pia jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Na wewe ukibadilisha laini, waambie jamaa, chama, mwajiri na benki. Usiache namba ya zamani ikibaki kwenye akaunti zako, maana meseji zako za siri zitaenda kwa mwenye laini mpya.

5. Laini ikikufa ghafla, usingoje. Mwizi asiyeweza kuijua siri iliyo kwenye kadi yako hujaribu njia nyingine: anakwenda kujifanya wewe, akitumia namba yako ya kitambulisho na habari zako, ili namba yako ihamishiwe kwenye kadi yake. Akifaulu, foleni yako yote inashukia kwake, kama TURN enzi zile. Dalili yake ni simu yako kupoteza mtandao wakati simu za wenzako waliokaa hapohapo ziko sawa. Azima simu ya mtu uwapigie kampuni yako ya simu na huduma kwa wateja wetu mara moja, akaunti ifungwe kwanza, maswali baadaye. Na usimpe mtu usiyemjua picha ya kitambulisho chako.

Utaona kwamba haya yote hayahitaji simu ya bei ghali wala ujuzi wa kompyuta. Yanahitaji subira ya dakika moja. Walaghai wanalijua hilo, ndiyo maana kila mara wanakuharakisha: akaunti inafungwa sasa hivi, zawadi inaisha leo, mtoto yuko hospitalini. Seva ya mwaka 1996 haikuwa na haraka hiyo. Ilisikiliza, ikajibu kwa adabu, kisha ikaenda kutafuta anwani ya kweli yenyewe. Nawe simu ikilia leo na sauti ikasema inatoka kwetu, una ruhusa yetu kamili ya kuikata.